Maswali ya Wasomaji: Kilichomo Ndani ya Gwakamole

Mwezi huu barua nyingi kutoka Iringa, Njombe na Mbeya zimeuliza kuhusu parachichi lililopondwa, hasa lile linaloandaliwa kwa mtindo wa Meksiko na kuitwa gwakamole. Ni jambo la kufurahisha, kwa kuwa karibu kila kinachohitajika kinalimwa hukuhuku kwetu: maparachichi ya Rungwe na Njombe, nyanya za Ilula, vitunguu vya Ruaha Mbuyuni. Vipimo vyote tulivyotaja ni vya sehemu inayoliwa, bila ganda wala kokwa.

SWALI: Habari za kazi. Binti yangu amerudi likizo kutoka chuoni, na kila jioni anaponda parachichi na kulichanganya na nyanya, kitunguu, pilipili na ndimu. Anasema ni gwakamole na kwamba ina virutubisho kuliko chakula kingine chochote mezani. Baba yake anasema hiyo ni kachumbari tu yenye parachichi. Naomba mnieleze kwa tarakimu, kuna nini ndani yake? – *Mama wa watoto wawili, Kihesa, Iringa*

JIBU: Mama, baba watoto hajakosea sana. Viungo ni vilevile, ila uwiano ndio umegeuka. Kwenye kachumbari nyanya ndiyo mwenye nyumba na parachichi ni mgeni. Kwenye gwakamole parachichi ndilo lenye nyumba, na kwa hiyo virutubisho vyake karibu vyote ni vya parachichi.

Gramu 100 za nyama ya parachichi aina ya Hass lililoiva zina kalori 160 hivi. Maji ni gramu 73, mafuta karibu gramu 15, nyuzinyuzi gramu 7 kasoro kidogo, protini gramu 2, na sukari haifiki hata gramu 1. Potasiamu ni miligramu 485, wakati ndizi mbivu ya uzito huohuo ina 358. Foleti, ile vitamini ya kundi B ambayo wajawazito hupewa pamoja na vidonge vya madini ya chuma, ni mikrogramu 81. Kuna vitamini C miligramu 10, vitamini E miligramu 2 na vitamini K mikrogramu 21. Lehemu (kolesteroli) hamna kabisa, maana lehemu hutokana na vyakula vya wanyama.

Sasa chukua bakuli la watu wanne. Utahitaji maparachichi mawili ya Hass yenye ukubwa wa kawaida, yanayotoa nyama gramu 300 hivi. Nyanya moja ngumu iliyotolewa mbegu na maji yake, gramu 80. Nusu ya kitunguu kidogo, gramu 40. Kijiko kikubwa kimoja cha maji ya ndimu. Giligilani mbichi iliyokatwakatwa, gramu 10. Pilipili moja ndogo. Na chumvi gramu 2, yaani theluthi moja ya kijiko cha chai kilichosawazishwa. Jumla ni gramu 450 na ushee. Ukigawa kwa wanne, kila mmoja anapata kalori 130 hivi, mafuta gramu 11, wanga gramu 8 hadi 9 ambazo zaidi ya nusu yake ni nyuzinyuzi, potasiamu miligramu 450, foleti mikrogramu 68, vitamini C miligramu 14 na sodiamu miligramu 200. Mtu mzima anahitaji angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, na sehemu hii ya bakuli inampa zaidi ya gramu 5. Kwa kitoweo cha pembeni, hicho ni kiasi kikubwa mno.

Binti naye ana hoja yake. Nyanya ina laikopeni, rangi nyekundu yenye faida mwilini, na karoti na mboga za majani zina beta-karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Zote mbili huyeyuka kwenye mafuta. Ukizila bila mafuta yoyote, nyingi hupita tumboni bila kufyonzwa. Watafiti wa Ohio State University walichapisha mwaka 2005 matokeo ya kupima damu za watu waliokula mchanganyiko wa nyanya wenye parachichi na usio na parachichi. Waliokula wenye parachichi gramu 150 walifyonza laikopeni mara 4.4 zaidi na beta-karotini mara 2.6 zaidi. Kwa hiyo kijiko cha gwakamole juu ya mchicha, majani ya maboga au chainizi iliyochemshwa bila mafuta kinafanya kazi kubwa kuliko tarakimu zake zinavyoonyesha.

Ila kusema ina virutubisho kuliko chakula kingine chochote mezani, hapo hapana. Kwa kila mlaji protini haifiki gramu 2, na madini ya chuma ni kidogo. Maharage yaliyoiva, gramu 100, yana protini karibu gramu 9. Gwakamole iende na maharage, dagaa au yai, isichukue nafasi yake.

Na jambo moja la jikoni ambalo wengi hawalijui: ile nyama ya kijani kibichi iliyogusana na ganda ndiyo yenye karotini nyingi kuliko sehemu nyingine zote. Ukichota katikati kwa kijiko unaiacha kwenye ganda na kuitupa. Kata parachichi vipande vinne kwa urefu, toa kokwa, kisha bandua ganda kwa vidole kuanzia kwenye ncha, kama unavyomenya ndizi. Likiwa limeiva vizuri, ganda linatoka zima na ule ukijani unabaki kwenye nyama.

SWALI: Nina miaka 62 na nina presha. Hospitali wameniambia nipunguze mafuta na chumvi. Uani nina miti mitatu ya parachichi, wajukuu wanaponda na kunikaribisha, nami naogopa. Je, mafuta ya parachichi hayaongezi lehemu? – *Babu wa Tukuyu*

JIBU: Shikamoo babu. Mafuta ya parachichi si sawa na mafuta ya ng'ombe wala siagi. Kati ya gramu 15 za mafuta katika gramu 100 za parachichi, karibu gramu 10 ni za aina ileile iliyojaa kwenye mafuta ya zeituni, na gramu 2 tu ndizo za aina ile inayoganda kama shahamu ya nyama. Hii inayoganda ndiyo inayopandisha lehemu mbaya kwenye damu. Mtu akiacha siagi au kimbo kwenye mkate na kupaka parachichi badala yake, lehemu hiyo hushuka. Angalia lakini neno "badala". Ukila chapati iliyokaangwa kwa mafuta mengi kisha ukaongeza parachichi juu, hujabadilisha kitu, umeongeza kalori.

Kuhusu presha, wa kuogopwa ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo hazijai hata kijiko kimoja cha chai, na ndani yake imo chumvi ya mboga, ya supu na ya mkate. Waambie wajukuu wakutengee yako kabla hawajatia chumvi. Waongeze ndimu na giligilani, na kitunguu wakisage pamoja na pilipili kwenye kinu kidogo hadi kitoe maji, ladha itakuwepo. Parachichi lenyewe lina sodiamu miligramu 7 tu kwa gramu 100, na potasiamu yake nyingi husaidia mwili kuitoa sodiamu kwa njia ya mkojo. Nusu ya parachichi la wastani kwa siku inakutosha.

Tahadhari ni mbili na usizichukulie kirahisi. Kama umeambiwa figo zako zimedhoofika, potasiamu hiyohiyo inaweza kujaa kwenye damu na kuvuruga mapigo ya moyo. Uliza kliniki kabla ya kula. Na kama unameza warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, usiwe mtu wa kula maparachichi mengi wiki hii kisha wiki ijayo ukaacha kabisa, kwa sababu vitamini K iliyomo huigusa kazi ya dawa hiyo. Kula kiasi kilekile kila mara na umweleze daktari wako.

SWALI: Nina mgahawa karibu na soko la Mwanjelwa. Nimeanza kuuza gwakamole na viazi vya kuchemsha. Asubuhi inavutia, ikifika saa sita mchana imekuwa nyeusi juu, ina maji chini, na siku nyingine ni chungu. Natumia blenda, naweka na kokwa katikati ya bakuli kama nilivyoelekezwa. Nakosea wapi? – *Mama lishe, Mbeya Mjini*

JIBU: Dada, una matatizo matatu na kila moja lina chanzo chake.

Weusi unatokana na kimeng'enya kilichomo kwenye nyama ya parachichi. Seli zikipasuka, kimeng'enya hukutana na oksijeni ya hewani na kugeuza rangi. Blenda inapasua seli nyingi kwa mpigo mmoja na kuingiza hewa ndani ya mchanganyiko, kwa hiyo inaharakisha kitu hichohicho unachokikimbia, na inaifanya gwakamole inate kama gundi. Ponda kwa uma au mwiko, ukiacha mabonge madogo. Ndimu au limao husaidia kwa njia mbili: ukali wake hupunguza nguvu ya kimeng'enya, na vitamini C yake huzuia rangi nyeusi isijengeke. Tia kijiko kikubwa kimoja kwa kila maparachichi mawili, na ukitie pale unapoanza kuponda, si mwishoni.

Kokwa halina kazi. Linakinga pale tu lilipolalia, kwa sababu hewa haifiki. Pembeni yake weusi unakuja kama kawaida. Kinachosaidia ni kuondoa hewa juu ya chakula. Sawazisha uso kwa mgongo wa kijiko, kisha lalisha nailoni ya kufunikia chakula hadi igusane na gwakamole yenyewe, bila mapovu ya hewa. Kufunika juu ya bakuli na kuacha nafasi katikati ni kazi bure. Kama huna nailoni hiyo, mwagia juu maji safi ya kunywa yaliyopoa, kina cha nusu sentimita, funika, weka kwenye friji. Ukitaka kuuza unayamwaga taratibu na kukoroga. Tabaka jembamba la kahawia likitokea juu kwenye gwakamole iliyokaa kwenye ubaridi halina sumu, likwangue. Harufu ya uchachu ni jambo jingine: hiyo tupa yote.

Maji ya chini ni ya nyanya, na chumvi ndiyo inayoyavuta. Tumia nyanya ngumu, zipasue, toa mbegu na ute, kisha kata vipande vidogo. Changanya nyanya na chumvi dakika chache kabla ya kuuza. Njia inayofaa biashara ni kuwa na bakuli mbili: moja ya parachichi lililopondwa na ndimu, nyingine ya kitunguu, pilipili na giligilani. Mteja akiagiza, unaunganisha na kutia nyanya na chumvi hapohapo.

Uchungu mara nyingi unatoka kwenye parachichi ambalo halijaiva, au mbegu za ndimu zilizosagwa na blenda, au kitunguu kilichosagwa na kukaa muda mrefu. Moto nao huleta uchungu: parachichi likichemshwa au kukaangwa ladha yake huharibika, kwa hiyo usilitie kwenye sufuria iliyo jikoni, wala usiimwage gwakamole juu ya viazi vinavyofuka mvuke. Viache vipoe kidogo.

Na usalama, dada, maana unalisha watu wengi. Osha maparachichi kwa maji safi kabla ya kukata, kwa kuwa kisu hubeba uchafu wa ganda na kuuingiza kwenye nyama. Gwakamole isikae nje ya friji kwa muda unaozidi saa 2. Andaa kidogo kidogo mara tatu kwa siku badala ya beseni moja la asubuhi. Kama una friza, ponda parachichi na ndimu peke yake, jaza vyombo vidogo hadi juu ili hewa isibaki, gandisha. Kwa nyuzi −18 litakaa vizuri miezi 3 hadi 4. Nyanya na kitunguu usivigandishe, vikiyeyuka vinakuwa chapachapa.

SWALI: Maparachichi yangu ya Hass nikiyavundika yanasinyaa na kuwa kama mpira, hayaivi. Ya jirani yanaiva. Nayavundika kwenye mfuko wa nailoni juani. Na je, lisiloiva vizuri lina virutubisho vilevile? – *Mkulima, Makambako*

JIBU: Ndugu mkulima, uliyachuma kabla hayajakomaa. Parachichi haliivi likiwa mtini. Linakomaa mtini na kuiva baada ya kuchumwa. Muda linapokaa mtini ndipo mafuta yanapoongezeka na maji kupungua. Likishachumwa mafuta hayaongezeki tena, hata ulivundike namna gani. La kuchumwa mapema linasinyaa, linakuwa mpira, ladha ya majimaji, na mafuta yake ni kidogo kuliko tarakimu tulizompa mama wa Kihesa. Hilo ndilo jibu la swali lako la pili.

Kujua kama yamekomaa, chuma machache kutoka pande tofauti za mti na kupasua moja. Ngozi ya kokwa ikiwa bado nene na nyeupenyeupe, subiri. Ikiwa imekauka, nyembamba na ya kahawia, dalili ni nzuri. Wenye mizani ya jikoni wanaweza kupima kwa uhakika zaidi: kwangua nyama gramu 100, itandaze, ikaushe kwa moto mdogo kwenye oveni bila kuiunguza mpaka uzito usishuke tena. Zikibaki gramu 23 au 24, Hass hiyo imefika. Kiwango cha chini kinachotumika sokoni kwa Hass ni kati ya 21 na 24, kutegemea mnunuzi.

Juani na nailoni achana navyo. Joto likizidi nyuzi 30 parachichi linaiva vibaya, upande mmoja umeoza na mwingine mgumu, na nailoni iliyofungwa inazuia hewa. Weka kwenye mfuko wa karatasi au kikapu kilichofunikwa kitambaa, mahali penye nyuzi 18 hadi 20, pamoja na ndizi mbili zilizoiva. Gesi ya ethilini inayotoka kwenye ndizi huyaamsha na unaweza kupata yaliyoiva ndani ya siku chache. Mwezi wa Juni na Julai, kwa baridi ya Makambako na Njombe, yatachelewa yakiwa stoo; yasogeze chumba cha jikoni. Friji ni kwa yaliyokwisha kuiva tu. Bichi likikaa kwenye ubaridi mkali siku nyingi, nyama yake inapiga weusi na mistari ya nyuzi kabla ya kulainika.

Hass likiiva linageuka zambarau iliyokolea hadi weusi. Fuerte na mengi ya kienyeji hubaki kijani, kwa hiyo bonyeza karibu na kikonyo kwa kiganja, si kwa ncha ya kidole, ili usiliache na jeraha. Yale makubwa yenye maji mengi, mfano wa yale ya Florida, Marekani, yana kalori 120 na mafuta gramu 10 kwa gramu 100. Si mabaya. Ila gwakamole yake inakuwa laini mno, na mimi ningepunguza nyanya hadi nusu.

SWALI: Mtoto wangu ana miezi 7. Naweza kumpa gwakamole? – *Mama, Mafinga*

JIBU: Parachichi ndiyo, gwakamole bado. Mpondee vijiko vikubwa viwili hadi vitatu vya parachichi lililoiva, ulainishe kwa maziwa yako, au ukoroge kwenye uji ukishautoa motoni na kupoa. Uji mtupu hushibisha tumbo dogo kabla nishati haijatosha, na mafuta ya parachichi huziba pengo hilo. Usitie chumvi, pilipili wala kitunguu kibichi, na asali usimpe kabla hajatimiza mwaka. Siku za mwanzo mpe kidogo na umwangalie kama anavimba midomo au kutoka vipele.

SWALI: Huku kwetu wanauza unga wa kokwa la parachichi kama dawa ya kila kitu. Nataka niutie kwenye gwakamole ili nisitupe kitu. Na maganda na majani nawapa mbuzi na sungura. Ni sawa? – *Kijana, Vwawa*

JIBU: Kaka, usiutie. Hakuna kipimo cha unga wa kokwa kilichothibitishwa kuwa salama kwa mtu kula, na chakula cha familia si mahali pa kujaribia.

Kuhusu mifugo, acha leo. Majani, ganda na kokwa vina kemikali iitwayo pasini. Mbuzi wanaonyonyesha wakila majani hayo viwele huvimba na maziwa hukatika, na wakila mengi moyo huharibika. Sungura na ndege wa kufugwa nao huweza kufa. Vichanganye na samadi kwenye shimo la mboji, mbali na wanapofika.

SWALI: Nina kisukari na ninataka kupungua uzito. Gwakamole inanifaa? Nile na nini? – *Dada, Njombe*

JIBU: Inakufaa, dada, kwa sababu sukari yake ni kidogo sana na nyuzinyuzi na mafuta hupunguza kasi ya chakula kutoka tumboni. Lakini pima: vijiko vikubwa vinne, gramu 60 hivi, ni kalori 70. Bakuli zima la watu wanne ni kalori 520, na kulimaliza peke yako ukiangalia runinga ni rahisi kuliko unavyodhani.

Kinachowaharibia wengi ni cha kuchovyea. Krispi za viazi gramu 50 peke yake zina kalori 270 hivi, na chumvi juu yake. Viazi mviringo vya kuchemsha, gramu 100, ni kalori 87, ila ni wanga, kwa hiyo kwako kiazi kimoja cha wastani kitoshe na kihesabiwe kama sehemu ya ugali au wali wa mlo huo. Bora zaidi chovyea vipande vya tango, karoti mbichi au pilipili hoho, au weka gwakamole juu ya maharage yaliyoungwa bila mafuta: nusu kikombe cha maharage na vijiko vinne vya gwakamole, mboga za majani pembeni, na ugali kiasi cha ngumi yako. Kama unatumia sindano ya insulini au vidonge vya kushusha sukari, usiondoe wanga wote kwenye mlo kwa ghafla ukabaki na gwakamole tupu, kwani sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Pima sukari kabla ya kula na saa 2 baadaye kwa siku chache, uandike, kisha upeleke karatasi hiyo kliniki wakupangie kiasi chako.